Dogo una mwili na kocha kakuita dilaini? Soma hii kwanza

Mpwa wangu wa Minnesota kanipigia juzi, shikamoo mjomba ndefuuu, nikajua kuna jambo. Ana miaka 16, kilo 118, kocha wa shule kamwambia achana na basketi njoo futiboli ya Kimarekani tukuweke dilaini, yaani wale mabonge wa mbele kwenye ulinzi wanaomsaka kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Anajua mimi nilicheza hiyo namba miaka minne chuoni. Nilichomwambia ndo hiki.

Kwanza masikio yako yasahau kabisa, tumia macho. Mechi yangu ya pili kwotabeki alipiga kelele mara mbili kunihadaa, ya pili kali kama anafukuza mbwa, mimi huyoo nikaruka mbele, mpira bado upo chini haujaguswa, adhabu yadi 5 maana huruhusiwi kuvuka kabla mpira haujatikisika. Dakika chache mbele nikaruka tena 😂 nikatolewa. Wiki nzima kocha akawa na mpira kaufunga kwenye fimbo, mimi nimeinama mkono mmoja chini, yeye anaimba anatukana anapiga makofi, na sitoki mpaka mpira utikisike.

Pili ni mikono, na hapa ndo madogo wenye miili wanafeli maana wamezoea kusukuma tu. Jamaa wa kilo 140 anayekuzuia akikuwahi kifuani umeisha. Muangalieni Aaron Donald, walimwona mfupi, timu ya Rams wakamchukua wa 13 kwenye drafti ya 2014, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, akawa mlinzi bora wa NFL, ligi kuu ya huko, mara 3 kabla hajastaafu 2024. Huyo alikuwa anafanya mazoezi na mwalimu anayemjia na visu vya bandia, kazi yake kupangua tu, pa pa pa, mpaka mikono inajua yenyewe.

Na usiogope kuchelewa kuanza. Ziggy Ansah katoka Ghana, kagusa huu mchezo 2010 akiwa chuoni BYU, 2013 timu ya Detroit wakamchukua wa 5 kwenye drafti.

Ila hela sasa, tusidanganyane. Timu ya NFL inaingia kambini na watu 90, wanabaki 53. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alifika huko, mwishoni mwa mwezi wa 8 akaambiwa njoo ofisini na tableti yako ya mbinu, ukisikia hivyo ujue umekatwa. Alirudi na begi moja na digrii ya uhasibu, ndo inayomlisha leo. Na ukiona mkataba umeandikwa mamilioni uliza yaliyo na uhakika ni mangapi, mengine yote ukikatwa yanayeyuka.

Mwili nao unalipa. Kidole changu cha pete kilitoka mara 3, nakirudisha nakifunga plasta naendelea, siku ya harusi pete ikagoma, naivaa shingoni mpaka leo.

Baada ya yote hayo dogo kimya, mama yake ndo akachukua simu, swali lake moja tu, huyu atakula nini afike kilo 130? Dada, mimi nilikuwa naamka saa 8 usiku nasonga ugali na mayai sita. Anza kununua unga kwa gunia.