Nataka kuwa mtaalamu wa tiba kwa sanaa: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mwanza, nina stashahada ya ualimu na nimekuwa nikichora tangu utotoni. Nataka kuwatibu watoto kwa njia ya sanaa. Mtandaoni nimeona kozi ya wiki sita inayotoa cheti cha tiba kwa sanaa. Nikiimaliza, nitaruhusiwa kufanya kazi hiyo? Kama haitoshi, nisome nini?

JIBU: Mwalimu, usilipie kozi hiyo ukitegemea itakufanya mtaalamu. Huenda ikakupa mazoezi mazuri ya kuchora darasani, lakini leseni ya kutibu haitakupa. Uingereza ni kosa la jinai kujiita mtaalamu wa tiba kwa sanaa bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia wataalamu wa afya, na usajili huo unataka shahada ya uzamili iliyoidhinishwa. Marekani nako mlango ni uzamili. Afrika Kusini, wenye taaluma hii husajiliwa na HPCSA, baraza la wataalamu wa afya la huko, na Chuo Kikuu cha Johannesburg kinafundisha uzamili wake.

Watu wengi wanashangaa: miaka yote hiyo kwa kazi ya rangi na karatasi? Chukua mtoto wa miaka minane aliyechora nyumba na kuipaka mlango rangi nyeusi. Asiye na mafunzo hukimbilia kusema nyeusi ni msiba, ni hofu. Pengine penseli nyeusi ndiyo pekee iliyobaki na ncha. Mwenye mafunzo husema, "Hebu niambie habari za nyumba hii," kisha anasubiri, hata kimya kikirefuka. Na siku mtoto akijibu kwamba humo ndani kuna mtu anayemuumiza, kuna mambo ya kufanya saa ileile: kumtuliza, kutomhoji kama polisi, na kutoa taarifa kwa mamlaka kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotutaka. Hapo ustadi wako wa kuchora hautakusaidia. Kitakachokusaidia ni saikolojia, maadili ya kazi na mazoezi chini ya msimamizi.

Hata vifaa vina elimu yake. Penseli humtii mtu: anachora mstari, anafuta, anarudia. Rangi ya maji kwenye karatasi mbichi hukimbia inakotaka, na mtu ambaye ndiyo kwanza anajikaza baada ya tukio baya anaweza kuzidiwa akiiona inatawanyika. Kwa mtu huyo mimi huanza na penseli, au picha za kukata kwenye magazeti ya zamani. Udongo wa mfinyanzi unapondwa, unapigwa, unabomolewa na kujengwa upya, kwa hiyo huamsha mengi. Nauleta baadaye, tukishazoeana.

Sasa njia yako. Uzamili unahitaji shahada ya kwanza, na hiyo ndiyo hatua yako ya sasa. Ningekushauri usome saikolojia au ushauri nasaha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ualimu katika saikolojia, nayo inakufaa kwa kuwa tayari uko kwenye ualimu. Njia nyingine ni tiba kwa vitendo, inayofundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Wataalamu wake hutumia kazi za mikono na wagonjwa, wakiwemo wa afya ya akili. Nasisitiza shahada hii ya kwanza kwa sababu hapa nyumbani Tanzania tangazo la ajira linalotaja tiba kwa sanaa ni nadra mno. Utaajiriwa kama mshauri au mwanasaikolojia, na sanaa utaiingiza humo.

Wakati huo usiache kuchora. Vyuo hudai uonyeshe kazi zako mwenyewe, na huko Marekani vingi hutaka angalau uniti 18 za sanaa na 12 za saikolojia kabla ya kukupokea. Michoro ya wanafunzi wako usiiweke kwenye mkusanyo huo wa kazi zako bila ridhaa ya wazazi. Ukishaingia, jiandae kwa saa 700 za mafunzo kwa vitendo Marekani, na baada ya kuhitimu, saa 1,000 za kukaa na wateja chini ya usimamizi ili upate hadhi ya ATR, yaani mtaalamu wa tiba kwa sanaa aliyesajiliwa. Uingereza utatakiwa wewe mwenyewe uwe na mtaalamu wa kukutibu muda wote wa masomo. Wengi hulalamikia gharama yake. Mimi naona ndiyo sehemu ya maana kuliko zote, maana huwezi kubeba huzuni ya mtoto kama ya kwako hujawahi kuigusa.

Kuhusu ufadhili, angalia muda wa kozi kabla hujajaza fomu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hulipia uzamili wa mwaka 1 tu, na tiba kwa sanaa Uingereza huchukua miaka 2 ukisoma muda wote. Nimeona vijana wenye sifa wakipoteza msimu mzima wa maombi kwa jambo hilo.

Kwa sasa omba kujitolea, baada ya vipindi, kwenye wodi ya watoto au kitengo cha ustawi wa jamii kilicho karibu nawe, chini ya mshauri aliyesajiliwa. Usiende kama mtabibu, nenda kama mwalimu anayekaa na watoto wanaochora. Baada ya kila siku andika ulichokiona mtoto akifanya, bila kukifasiri na bila kutaja majina. Vyuo vitakuuliza uzoefu huo.