Kasuku gani huyu uani kwangu?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Niko Malindi, juzi asubuhi nafagia uani nikasikia makelele juu ya mwarobaini, kutazama naona ndege kijani kibichi, mkia mrefuuu, mdomo mwekundu umepinda, na shingoni kama kavaa mkufu mweusi na waridi! Wazee wa mtaani wanasema hawajapata kumuona. Watoto washatafuta kamba wamtege. Ni nani huyu? – Mama Watatu

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Huyo ni kasuku wa pete, tena dume mzima, jike hana mkufu huo. Kwao ni Bara Hindi na Afrika toka Senegal mpaka Ethiopia, sio pwani yetu, na wengi hufugwa wakatoroka tunduni, ndo maana hata London wamejaa siku hizi. Akikuacha umsogelee ujue katoka kwa mtu. Sasa wakizaana ndo tatizo, maana wanataga kwenye mashimo ya miti na wanaweza kuwapokonya ndege wenyeji. Kunguru hawa wanaotuibia samaki nao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, ona leo! Watoto wasimtege, mdomo ule unauma (kidole changu shahidi). Mpige picha uwaonyeshe KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya.