Upelelezi Bado Haujakamilika

Sentensi ya kwanza iliyonipa mlo mjini sikuitunga mimi. Ilikuwa ya mwendesha mashtaka, pale Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu: "Upelelezi wa shauri hili bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa." Niliisikia karibu kila siku ya kazi kwa miaka miwili. Hakimu anainamia jalada, anataja tarehe, washtakiwa wanarudi rumande, nasi waandishi tunagombea daladala kuwahi chumba cha habari kabla mhariri hajaanza kuuliza ukurasa wa tatu una nini.

Tangu hapo nimekula kwa njia tatu. Habari ilitangulia, picha za wanamuziki zikafuata, na usiku, watoto wakishalala, hadithi za upelelezi. Vijana wanaonitafuta siku hizi huja na swali moja: nianze na ipi? Nakujibu wewe, mdogo wangu, na wengine wasikie humo humo. Utaniwia radhi nikikawia mahali fulani na kupita mbio kwingine.

Anza na habari. Hailipi, hilo nakwambia mapema. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa stori iliyotoka gazetini, si kwa stori aliyoandika, na kati ya hizo mbili kuna njaa. Lakini ndiyo kazi pekee kati ya hizi tatu ambamo kosa lako linakurudia kesho yake asubuhi. Umeandika Juma kumbe ni Jumaa, simu inalia. Umeandika "watu wengi walihudhuria", mhariri anakuuliza wangapi, na ulikuwepo, kwa hiyo huna pa kujificha. Mtunzi wa hadithi anaweza kukosea miaka kumi bila mtu kumwambia. Ripota hamalizi wiki.

Wala usidhani njia hii nimeifyeka mimi. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi wa kubuni Bwana Msa na kiko chake, alikuwa mtu wa magazeti Zanzibar kabla hadithi yake haijawa kitabu mwaka 1960. Ben Mtobwa, mtunzi wa visa vya mpelelezi Joram Kiango, alikuwa mwandishi wa habari na baadaye mchapishaji. Faraji Katalambulla alitoa riwaya yake ya upelelezi mwaka 1965, kisha akaendesha jarida la Film Tanzania: visa vya kusisimua vilivyosimuliwa kwa picha, watu halisi wakiigiza mbele ya kamera fremu kwa fremu. Kalamu, kamera na taharuki vilikaa chungu kimoja kabla mimi sijazaliwa.

Kisutu ilianza kunilipa vizuri nilipoanza kutunga. Mimi huletewa miswada ya vijana, na karibu kila mmoja una ugonjwa ule ule: muuaji anakamatwa ukurasa wa 180, na ukurasa wa 182 hakimu anamhukumu kunyongwa baada ya watu kumi na wawili kutoka chumba cha pembeni na uamuzi. Hiyo ni filamu ya Marekani iliyovalishwa kanzu. Kwetu, mtu wa kesi ya mauaji akisimamishwa mbele ya hakimu haulizwi hata kama anakiri au anakana. Anaambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Litakwenda Mahakama Kuu, au kwa hakimu aliyeongezewa mamlaka, na kabla ya hapo ile sentensi yangu itasomwa mara nyingi mno.

Mtunzi mwenye haraka anaona hapo hadithi imelala. Mimi naona ndipo ilipokaa. Ndugu wa marehemu na ndugu wa mshtakiwa wanakaa benchi moja, kwa sababu benchi ni moja. Wanasogeleana kupisha wa tatu. Tarehe ya nne, dada wa mshtakiwa hakuja. Kwa nini? Hilo "kwa nini" limewahi kunibebea sura sita bila risasi hata moja kulia. Au chukua PF3, fomu ya polisi kwa aliyejeruhiwa. Mtu wako kajeruhiwa kwa panga na hataki polisi wajue. Akifika hospitali ataulizwa fomu, na fomu inatolewa kituoni. Sasa atakwenda wapi na damu ile? Sikukaa nikabuni kizuizi hicho. Nilikuwa nimekiona kwenye vielelezo vya kesi mara nyingi, nikakihamisha tu.

Kwenye kamera niliingia kwa mlango wa uani. Mpigapicha wa gazeti aliugua siku ya Jumamosi, mhariri akanikabidhi kamera yenye mkanda wa picha 36 na kuniambia niende ukumbi wa DDC Kariakoo, bendi ya Sikinde wanapiga, niletee picha moja tu inayofaa. Nilirudi na 36 za giza na migongo. Flashi ilimfikia mpiga solo, ikammulika kama kibaka aliyekutwa uchochoroni, na nyuma yake bendi nzima ikamezwa na kiza. Mhariri alizitazama zote, moja moja, bila kusema neno. Heri angefoka.

Nilichojifunza baadaye kilinichukua miaka, nawe utakisoma kwa dakika tano. Onyesho ni mahali pabaya pa kuanzia. Nenda mazoezini. Bendi inayofanya mazoezi alasiri ina mwanga wa dirishani, ina watu waliovaa nguo zao wenyewe, na ina makosa: wimbo unakatika, mtu anacheka, mwingine ananuna. Kaa siku ya kwanza bila kuitoa kamera kwenye mkoba. Siku ya pili utakuwa sehemu ya samani.

Kwenye onyesho lenyewe, usikilize wimbo kabla ya kuutazama. Dansi letu lina mwendo wake. Mwanzoni ni maimbo, na hapo mwimbaji uso umefunikwa na maikrofoni, kinywa wazi, macho yamefumba. Picha za namna hiyo zimejaa mjini. Subiri amalize beti, arudi nyuma hatua mbili kumpisha mpiga solo. Pale anaposikiliza ndipo uso unarudi kuwa wake. Mpuliza tarumbeta naye usimpige mashavu yamevimba, ngoja aishushe tarumbeta. Chemko likianza, ile sehemu ya kasi ya wimbo, kila mtu anatembea, hapo pandisha kasi ya shata hadi 1/250 au zaidi na ukubali chengachenga za ISO kubwa, yaani kamera ikizidishiwa wepesi wa kuhisi mwanga. Picha yenye chenga inasameheka, yenye uso uliotikisika hapana. Lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, tundu pana la kupokea mwanga, ni miongoni mwa zile za bei nafuu na inatosha. Taa nyekundu za siku hizi zinaharibu ngozi. Ama subiri taa nyeupe ipite, ama igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, usihangaike kuitibu kwenye kompyuta.

Jambo moja la kiufundi hakuna aliyenieleza mapema, na liliniharibia kazi nyingi. Kamera haijui inachokitazama. Inataka kila kitu kiwe cha kijivu. Ukimpiga mzee wa taarabu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wa mzee unakuwa shimo. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya pazia jeusi, inafanya kinyume: inaongeza mwanga hadi ngozi inakuwa ya majivu. Pima mwanga usoni, kanzu ijitegemee. Na kama upo Unguja, achana na jua la mchana. Mkalishe mtu barazani, kivulini, aelekee uchochoroni. Ukuta wa mbele utamrudishia mwanga laini ambao studio nyingi zinauhangaikia.

Taarabu inataka adabu yake. Mwanamke anapoinuka kwenda kutunza, noti mkononi, akicheza taratibu hadi kwa mwimbaji, yule hatoi fedha tu. Ubeti aliouchagua kuuinukia ni ujumbe, na mlengwa mara nyingi yumo ukumbini. Ukiichapa picha ile na jina lake chini, umepeleka barua ambayo hukutumwa. Siku hizi napiga mikono na noti, sura naziacha, isipokuwa mwenyewe ameniruhusu akiwa ametulia, kesho yake. (Na nakiri, riwaya yangu moja nzima ilizaliwa kutokana na swali la nani alikuwa ameketi safu ya nyuma.)

Hapa nafika kwenye lililonifanya niandike.

Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja mzee, simtaji. Nilimpiga picha ya mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000: kiganja kimelala juu ya nyuzi, dole gumba halina ukucha. Ikatoka gazetini, ikapendwa. Nikampelekea nakala ya karatasi nyumbani, na kuanzia siku ile mlango wake haukufungwa kwangu. Jioni moja, kinasa sauti kimezimwa, alinisimulia kwa nini aliacha bendi yake ya kwanza. Lilikuwa suala la vyombo vilivyoibwa, na ndugu yake wa damu alihusika. Aliniomba nisiandike. Sikuandika.

Ila baada ya miaka mitatu nilikuwa natunga hadithi ya mfululizo kwenye gazeti la wiki, zile za kuishia na "Itaendelea", na wiki hiyo nilikuwa nimekaukiwa. Nikamtoa. Nilibadilisha jina. Gitaa nikalifanya saksofoni, Ilala nikaihamishia Tanga, ndugu nikamfanya shemeji. Nilijiona mjanja. Lakini dole gumba lisilo na ukucha nililiacha, kwa sababu jicho la mpigapicha ndani yangu lilikataa kuachana nalo, ni zuri mno. Kila aliyewahi kuiona picha yangu alijua. Mkewe alijua kwenye toleo la tatu.

Mzee hakunipigia simu, hakunitukana. Alimtuma mjukuu na bahasha. Ndani mlikuwa na ile nakala ya picha niliyompelekea, haina hata mkunjo.

Ndiyo maana nakwambia habari ya madaftari, ingawa najua utaniona mshamba. Ninayo matatu, ya karatasi, hayakutani. La habari lina yale yaliyosemwa kwa jina na kwa ridhaa. La picha lina majina, tarehe, mwanga, na walichovaa. La hadithi haliruhusiwi kupokea kitu chochote kutoka kwa mtu mmoja. Kisa hakiingii humo mpaka nimekisikia kwa watu wawili wasiofahamiana, maana kikishatokea kwa wawili kimekuwa cha mji. Na alama yoyote ya mwili niliyowahi kuipiga picha haiingii kabisa, hata ikiwa kovu tamu kiasi gani. Aliyoyasema mtu baada ya kinasa sauti kuzimwa hayana daftari.

Fedha, kwa ufupi. Haki ya picha yako au hadithi yako inazaliwa pale unapoiumba. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikudai uisajili kwanza. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ya ubishi, unakuwa na ushahidi. Kinachowaponza wengi ni mdomo. Meneja mmoja aliniomba picha ya msanii wake "ya kutupia mtandaoni tu, kaka". Nikaja kuiona kwenye bango barabarani, kubwa kuliko basi, nami nimo ndani ya daladala nikihesabu sarafu za nauli. Siku hizi naandika hata kwenye ujumbe wa simu: itatumika wapi, kwa muda gani, nani mwingine anaruhusiwa. Na msanii akikulipa umpige picha, usihakiki albamu yake mwaka huo. Mwachie mwenzako. Bahasha za nauli baada ya mkutano na waandishi, nazo ziache mezani. Utaitwa unajidai, utazoea.

Kuhusu kutunga huku una ajira: usingoje likizo. Hadithi ya mfululizo ilinifundisha kuandika maneno 800 kila Jumanne nikiwa nimechoka, na kuacha mtu mlangoni mwishoni mwa kila toleo. Ila unapoyakusanya yawe kitabu, itoe milango hiyo nusu. Msomaji wa kitabu hangoji wiki nzima, na mishtuko ya kila kurasa tano inamchosha.

La mwisho ni maelezo ya chini ya picha. Yaandike usiku ule ule, kabla hujavua viatu: nani, kushoto kwenda kulia, wapi, lini. Ninao mkanda mmoja wa mwaka 2001, bendi ya dansi mazoezini, watu tisa dirishani, picha bora niliyowahi kupiga. Wanane kati yao nina majina yao. Wa tisa, mpiga tumba aliyegeuka kidogo, sikumwandika, nilidhani nitakumbuka. Bendi ilishavunjika. Mwaka jana nilizunguka na picha ile simuni, Kinondoni, Temeke, hadi Morogoro, nikiwaonyesha wazee wa muziki mmoja mmoja. Nimepewa majina manne, na kila aliyenipa aliapa.