Nyota Aje, ila Maikrofoni Ziwe za Wote

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama matamasha ya muziki ya wanawake yawaalike nyota wa pop wanaovuma redioni. Nilijibu hapana hata kabla sijalimaliza swali. Ninyi mnauliza nani aalikwe. Mimi kinachoniuma ni nani anapandishwa jukwaani saa ngapi, tena akiwa na maikrofoni ngapi.

Binamu yangu wa kike hupiga orutu, fidla ya Waluo. Waliokulia Nyanza wanaujua uzito wake, maana kwa desturi ni chombo cha wanaume. Alialikwa kwenye tamasha la wanawake hapa Nairobi, akaahidiwa saa mbili usiku. Asubuhi ya siku yenyewe akapigiwa simu: ni saa nane mchana. Tulipofika, mafundi bado walikuwa wanafunga spika, na uwanjani wamo wauza smoki na mahindi choma tu. Orutu ina uzi mmoja, sauti yake nyembamba. Maikrofoni isipokuwa karibu, jenereta inaimeza. Aliomba mbili, ya chombo na ya kuimbia. Akapewa moja, nyingine zimewekewa saundi cheki ya nyota. Akaielekeza kwenye orutu, akaimba kwa koo tupu. Maneno tuliyasikia sisi tuliosimama mbele kabisa, pamoja na mama mmoja aliyeacha jiko lake akaja kucheza. Wimbo wa tatu haujaisha, akaambiwa ashuke. Nyota alifika saa nne na nusu usiku, nyimbo zikatoka kwenye kompyuta, naye akaimba juu yake.

Hasira hiyo bado ninayo. Hata hivyo, uwanja ulijazwa na yeye. Wasichana waliimba naye kila mstari, na binamu yangu alilipwa usiku uleule kwa pesa za tiketi ambazo hazikununuliwa kwa ajili ya orutu. Na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, si alikuwa nyota? Sarah McLachlan, mwimbaji wa Kanada, naye alikuwa na jina tayari alipoanzisha Lilith Fair, tamasha la wanawake la kuzunguka miji, mwaka 1997, kwa kuchoshwa na mapromota na redio walioshikilia kwamba waimbaji wawili wa kike wasifuatane. Majina makubwa yaliuza tiketi, na majukwaa madogo yalikuwepo kwa wasiojulikana. Wanawake wa tamasha la Michigan, kule Marekani, walishika njia nyingine, 1976 hadi 2015: jukwaa walijenga wao, mitamboni walikaa wao. Hilo la mitamboni ningependa sana tulifuate.

Basi nyota aje, ila aimbe katikati ya ratiba, asifunge yeye. Mitambo iwe ya wote. Bajeti isipotosha kumlipa yeye na wapiga vyombo pia, mwaka huo wafanye bila yeye. Najua wapo watakaoondoka akishashuka. Watakaobaki, hata wakiwa mia mbili, watakuwa wengi kuliko tuliokuwa pale saa nane mchana.