Nilimwambia binti yangu asije akauza mchele kama mimi

Kwa miaka mingi nilikuwa na neno moja la kumwambia binti yangu kila nikirudi sokoni nimechoka: "Soma mwanangu, usije ukauza mchele kama mimi." Niliamini namtia moyo. Alipokuwa anamaliza kidato cha pili wakaambiwa wachague mchepuo, na ule wa biashara hata hakuufikiria. "Mama, ule ni wa waliofeli sayansi," alisema. Fizikia haipendi hata kidogo, hesabu anaziweza sana. Anataka kuwa nesi. Nilipomuuliza kwa nini asifikirie biashara, alinitazama kwa mshangao: "Si wewe ndiye uliniambia nisije nikawa kama wewe?"

Sikulala vizuri usiku ule. Neno lile nilirithi kwa mama yangu, na yeye alikuwa na sababu. Soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, lilipoungua mwaka 2006, meza yake iliteketea na mzigo wote. Alianza upya na debe tatu za mchele wa kukopa, na tangu siku hiyo akawa anatuhimiza tutafute kazi ya mshahara. Lakini kilichonisomesha mimi ni debe zile tatu. Sare zote alizovaa binti yangu, madaftari, mkoba, vyote vimetoka kwenye mchele, na mimi nimemfundisha kuuonea aibu.

Tazama wasichana wetu wa huku. Tukuyu wanauza ndizi tangu wana miaka tisa. Ilula wanakimbilia madirisha ya mabasi na ndoo za nyanya, wanarudisha chenji gari likiwa limeshaanza kuondoka. Hiyo tunaiita "kumsaidia mama". Kaka yake akifanya hivyo hivyo tunasema kijana anajituma, na akifika miaka kumi na nane baba anamtafutia pikipiki. Msichana hakuna anayemuuliza anahitaji mtaji wa shilingi ngapi. Halafu tunashangaa akisema biashara si kazi.

Likizo ya Juni nilibadilisha kitu kimoja. Badala ya kumpa ufagio na kumwambia akae na meza nikienda kula, nilimpa daftari. Nikamwambia: andika kila senti, usinionee haya.

Mimi nilikuwa napiga hesabu kichwani. Bei ya kuuzia toa bei ya kununulia, basi, hiyo ndiyo faida. Nilikuwa najiambia napata shilingi 400 kwa kilo. Yeye aliandika nauli ya gunia kutoka Kyela, kukoboa, wapagazi, ushuru, mifuko, chai yangu ya asubuhi, na kilo nne ninazobeba nyumbani kila wiki bila kulipa. Ikabaki 180. Nilikasirika, nikamwambia amekosea. Tukarudia pamoja hadi saa nne usiku. Hakuwa amekosea.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Gunia la mpunga la kilo 100 likikobolewa hutoa mchele kama kilo 60 hadi 65. Kilichobaki kinakwenda wapi? Pumba nilikuwa namwachia mwenye mashine, wakati wafugaji wa nguruwe mtaani kwetu wanazitafuta. Chenga, yaani mchele uliovunjika, nilikuwa nachanganya na mchele wa bei ya chini, wakati mama wa vitumbua wanazinunua zenyewe kwa furaha. Sasa tunaziuza kila moja peke yake, na chenga zina ukurasa wake kwenye daftari.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ushauri wangu wa kwanza ni huo. Mwonyeshe hesabu, hata zikikuaibisha. Msichana anayeona uchovu wako tu, bila kuona fedha inavyoingia na kutoka, ataikimbia biashara, na atakuwa na haki.

La pili ni gumu zaidi. Jioni moja aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, mbona wanasema mwanamke mwenye lori ana mwanaume nyuma yake?" Usiruke swali hili. Mabinti wa miaka kumi na tano wanalisikia kila siku, na linawatisha kuliko hasara. Nilimweleza kila kitu: madalali walionitaka kabla ya kunipa mzigo, namna nilivyohama kwa mmoja na kununua kwa bei ya juu msimu mzima ili nisimrudie, na kikoba cha wanawake kumi na wanane kilichonipa mkopo wa kwanza. Nikamwambia pia kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Akitimiza miaka 18 anaweza kujiunga na kikundi akaomba, bila kumpigia mtu magoti.

Tena biashara si kukaa mezani tu. Hapa hapa Mbeya kuna kampasi za Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo Kikuu Mzumbe na Taasisi ya Uhasibu. Kuna ununuzi na ugavi, kuna masoko, kuna uhasibu ambao mtu akisonga mbele anafika CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa kitaaluma. Mpeleke akaone wasichana wanaosoma huko, awaulize mwenyewe. Na tafadhali, usichukue maneno yangu kuwa ruhusa ya kumweka sokoni saa za darasa. Daftari ni la likizo na Jumamosi.

Mwaka huu mpunga ukivunwa tunakwenda Kyela pamoja. Ameshazungumza na dereva kwa simu, akashusha nauli kutoka 6,000 hadi 5,000 kwa gunia, jambo ambalo mimi nimelishindwa misimu mitatu. Kuhusu unesi bado anawaza, nami simsukumi.