Kuzunguka Ausangate: jibu kwa aliyekwisha kupanda Kilimanjaro

Swali lilikuwa kama mtu aliyefika Uhuru anaweza kuzunguka mlima Ausangate, huko Peru, bila mwongozaji wala kikundi. Nimeipita njia hiyo, na nimepanda Kilimanjaro pia. Jibu langu ni kwamba kwa nguvu za miguu utaweza, lakini Kilimanjaro haikufundishi kulala juu, na Ausangate yote ni kulala juu.

Kwa njia ya Marangu, usiku wa juu kabisa ni ule wa kambi ya Kibo, mita 4,720, nao hukatizwa na safari ya kileleni. Ukishakanyaga mita 5,895, siku hiyohiyo unashuka hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, ukavuta pumzi. Ausangate yenyewe ina urefu wa takriban mita 6,380, lakini msafiri hapandi kileleni, bali anauzunguka mlima kwa mwendo wa kilomita 70 hivi, kwa kawaida siku tano au sita, akivuka mapito (njia za kuvukia kati ya vilele) ambayo la juu kabisa, la Palomani, linapita mita 5,000. Mahema hupigwa kati ya mita 4,300 na 4,700 karibu kila usiku. Ukiamka na kichwa kinachouma huko, hakuna Horombo ya kukimbilia, kwa sababu mara nyingi mbele yako kuna pito na nyuma yako kuna pito.

Kwa hiyo matayarisho ya maana hufanyika Cusco, mji ulio mita 3,400, na si kwenye kiwanja cha mazoezi nyumbani. Kaa hapo siku tatu au nne kabla ya kupanda basi la Tinki, kijiji kinachoanzia njia, mwendo wa saa tatu hivi kwa barabara ya lami. Chai ya majani ya koka utaipewa kila mahali, nayo ni halali nchini humo na hutuliza tumbo, ila haiponyi ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaoletwa na hewa haba ya milimani. Mtu anayepepesuka, au anayehema akiwa amekaa, ateremshwe mara moja hata kama ni usiku. (Majani hayo usiyafungashe kurudi nayo nyumbani, kwa maana katika nchi nyingi yanahesabiwa kuwa dawa za kulevya.) Jua pia kwamba baada ya Palomani kuna bonde linaloteremka kusini kuelekea kijiji cha Chillca, na hiyo ndiyo njia ya kutokea kwa aliyelemewa upande ule.

Mwongozaji halazimishwi na sheria kama kwetu Kilimanjaro, na njia, wakati wa kiangazi cha Mei hadi Septemba, inaonekana vizuri. Hata hivyo ningekushauri umwajiri arriero, yaani mswaga farasi wa kule Tinki. Farasi wake atakubebea hema na chakula, na siku ukizidiwa atakubeba wewe. Wengi wao huzungumza Kikechua, lugha ya wenyeji, kwanza na Kihispania baadaye, basi patana naye malipo kabla ya kuondoka, mkihesabu na siku yake ya kurudi, na uhakikishe ana hema na mablanketi yake mwenyewe. Hilo la mwisho watalii wengi hulipuuza, na ni aibu, kwa sababu usiku wa Juni na Julai baridi huweza kufika nyuzi 10 chini ya sifuri.

Maharage makavu yaache Cusco. Kwenye mita 4,600 maji huchemka kwenye takriban nyuzi 85, na gesi itakwisha kabla hayajaiva. Uji wa shayiri na tambi nyembamba vinatosha. Maji ya vijito yachemshe yote, kwani alpaka, mifugo ya kule ya jamii ya ngamia, wanalishwa hadi kwenye chemchemi.

Kwa wenyeji Ausangate ni Apu, mlima wenye uhai na mamlaka juu ya maji na mifugo. Ukiwa kwenye pito utamwona arriero akichagua majani matatu ya koka yasiyo na kasoro, akiyapulizia kuuelekea mlima, kisha akiyaweka chini ya jiwe. Simama kimya, na kamera isubiri. Hija ya Qoyllur Rit'i, ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2011, hufanyika katika bonde la Sinakara, ng'ambo ya mlima huo, mwezi Mei au Juni, na zamani mahujaji waliovaa kama dubu walikata vipande vya barafu na kuvishusha kwa waumini. Desturi hiyo imeachwa kwa sababu barafu inarudi nyuma, jambo ambalo sisi tunaoitazama Kibo tunalielewa bila kuelezwa.

Beba noti ndogo za soli, fedha ya Peru: jamii za vijijini hutoza kiingilio mahali kadhaa njiani, na chenji hawana. Utazihitaji pia Upis, usiku wa kwanza, na Pacchanta, mwisho wa mzunguko, kwa ajili ya kuoga katika maji ya moto.