Chopa nayo huishiwa pumzi: ninachowaambia wenzangu wa mlimani

Mgonjwa wangu wa kwanza kuondoka Kilimanjaro kwa helikopta alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amelala kwenye machela pale kambi ya Barafu, mita 4,600 na zaidi, anakohoa kikohozi kibichi, kifua kinakoroma, midomo imebadilika rangi. Tukapiga simu. Tukajibiwa kwamba chopa itakuja. Basi tukakaa. Tukamfunika, tukamwekea mtungi wa oksijeni, macho yote upande wa Moshi.

Saa tatu wingu likaanza kupanda kutoka msituni, kama linavyopanda karibu kila siku. Saa nne hatukuweza kuona hata hema la jirani. Tuliisikia chopa ikizunguka chini yetu, halafu tukaisikia ikirudi. Hapo ndipo tuliponyanyua machela, na mchana tukampakia kambi ya Millennium, takribani mita 3,800, wingu lilipofunguka kwa dakika chache. Mama alipona. Lakini zile saa nne tulizokaa naye juu, sisi vijana wanane wenye miguu mizima, bado zinaniuma. Mapafu yakianza kujaa maji, dawa ya kwanza ni kushuka, na sisi tulikuwa tumeiweka dawa pembeni tukingoja mngurumo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza marubani maswali kila ninapopata nafasi, kwa sababu niliona kwamba tunaitegemea mashine tusiyoielewa. Nawaandikia waongozaji na wagumu wenzangu, yaani wapagazi wa mlimani, na yeyote anayepanga kupanda.

Anza na hili: yale mapanga ya juu ni mabawa. Ndege ya kawaida hukimbia kwenye barabara yake mpaka hewa inayopita kwenye mabawa itoshe kuinyanyua. Helikopta yenyewe imetulia, mabawa ndiyo yanayokimbia, kwa kuzunguka. Yanaisukuma hewa chini, nayo hewa inayasukuma juu. Mkono wa kushoto wa rubani umeshika wenzo. Akiuvuta, mapanga yote yanageuza ubapa wake kwa pamoja na kukamata hewa zaidi, chombo kinapanda. Mkono wa kulia uko kwenye fimbo iliyo katikati ya magoti. Hiyo inalifanya kila panga libadilike kidogo kulingana na upande linaopita, mduara mzima unainama, na chombo kinafuata ulikoinama: mbele, nyuma au ubavuni. Miguu inakanyaga pedeli za ile rota ya mkiani, yaani yale mapanga madogo ya nyuma. Kazi yake ni kuzuia mwili wa helikopta usizunguke, maana injini ikiyazungusha mapanga upande mmoja, mwili unataka kugeuka upande wa pili.

Kwa hiyo kila kitu ni hewa. Na hewa ndiyo tunayoikosa huku. Kileleni Uhuru, mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Kilekile kinachomfanya mgeni wako apumue mara tatu kwa kila hatua ndicho kinachoidhoofisha chopa: mapanga yanakamata hewa nyepesi, na injini nayo inahitaji hewa ili kuchoma mafuta. Jua likipanda mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi kuliko ya baridi. Ndiyo maana rubani anapenda alfajiri: mbali na wingu, ile baridi inayotutesa sisi kwake ni nguvu.

Ndiyo maana pia swali lake la kwanza kwenye simu ni uzito wa mgonjwa. Mwanzoni nilidhani anauliza kwa ajili ya fomu. Kumbe anapiga hesabu ya kama ataweza kunyanyuka. Mpe kilo za kweli. Begi kubwa linabaki. Ndugu wa mgonjwa anaweza kubaki pia, hata akilia, na ni kazi yako kumweleza mapema kwa upole, si wakati mapanga yanazunguka.

Kuna kijana huniambia kila msimu: “Kaka, mbona moja ilitua Everest?” Ni kweli. Tarehe 14 Mei 2005 Mfaransa Didier Delsalle alitua kwenye kilele cha mita 8,848 na kukaa pale karibu dakika nne. Lakini alikuwa peke yake, chombo kimepunguzwa uzito, na hali ya hewa ilikuwa imechaguliwa. Hakuwa na mgonjwa wa kilo tisini wala wingu linalomkimbiza.

Swali la pili ninaloulizwa ni kama injini ikizimika chombo kinaanguka kama jiwe. Hapana. Rubani akiushusha ule wenzo haraka, hewa inayopanda kutoka chini wakati wa kuteremka inaendelea kuyazungusha mapanga, kisha karibu na ardhi anautumia mzunguko huo kutua. Mfaransa mwingine, Jean Boulet, alipanda hadi mita 12,442 mwaka 1972, injini ikazimika huko juu, akateremka hivyo hadi chini akiwa hai. Lakini anahitaji nafasi na urefu wa kufanyia hayo, na miamba yetu haimpi nafasi kubwa.

Sasa kuhusu mahali pa kutua, maana hapa ndipo nilipoona hatari kwa macho yangu. Chopa ikiwa chini sana, upepo wake unagonga ardhi na kuusaidia mzunguko, kama vile imekalia mto wa kulalia uliojaa hewa. Ikiwa pembeni mwa mteremko, sehemu ya hewa hiyo inamwagika. Kwa hiyo tafuta tambarare. Tena haiondoki kwa kupanda wima kama lifti. Mara nyingi huinua kidogo, huinamisha pua, huteleza mbele hadi ipate mwendo, kwa sababu ikienda mbele mapanga yanakutana na hewa tulivu zaidi na nguvu inaongezeka. Inapenda kufanya hivyo ikiukabili upepo. Kwa hiyo upande unakotoka upepo uwe wazi: pasiwe na hema, waya wala kundi la watu wenye simu.

Siku ile Millennium hatukuyajua haya. Upepo wa mapanga uling’oa hema la kulia chakula, magodoro ya sponji yakaruka, moja likapita juu ya mapanga kwa kimo ambacho sipendi kukikumbuka. Halafu mgumu mmoja, kijana mwenye moyo mzuri, akakimbia na begi la mgonjwa kupitia nyuma, kwenye mkia. Nilimdaka kwa koti. Rota ya mkia inazunguka kwa kasi ambayo jicho halioni kitu, linaona nafasi tupu. Kelele zilikuwa kubwa hivi kwamba hakunisikia nikimwita, na sikuwa na njia nyingine isipokuwa kumshika.

Kwa hiyo sasa, kabla chopa haijafika, nawakusanya wote na kuwaambia: hema zote chini au zifungwe kwa mawe, kofia na skafu ndani ya begi, mgonjwa afunikwe macho na masikio. Watu wanne tu wa machela ndio watakaosogea, tena baada ya rubani kutoa ishara kwa mkono au kichwa. Mnakwenda kutoka mbele au ubavuni, mahali anapowaona, mmeinama. Kamwe msishuke kuelekea kwenye chombo kutoka upande wa juu wa mteremko, maana huko mapanga yako karibu na vichwa vyenu. Fimbo za kupandia zibebwe zimelazwa. Na injini ikizimwa, msiingie bado: mapanga yakipungua kasi yanalegea na kuning’inia, na upepo unaweza kuliteremsha moja hadi usawa wa kichwa.

Mtu mmoja asimame mgongo kwenye upepo, mikono imenyooshwa mbele, ili rubani ajue hewa inatoka wapi. Kama hamna redio, mikono miwili juu maana yake ndiyo, tunahitaji msaada. Mmoja juu na mwingine chini maana yake hapana. Wageni hupenda kumpungia rubani mkono mmoja kwa furaha, wakatazeni.

Nisieleweke kwamba naidharau chopa. Naiheshimu sana. Kule kusimama kwake hewani ndiko kunakoifanya iwe ya pekee. Msumbiji kwenye mafuriko ya mwaka 2000 helikopta za jeshi la Afrika Kusini ziliwatoa watu kwenye mapaa na matawi, pamoja na mama aliyejifungulia juu ya mti. Kenya, daktari wa wanyama hutoa mwili nje ya mlango na kumpiga tembo sindano ya usingizi, halafu rubani anamswaga mnyama mbali na maji ili asije akaangukia humo. Hakuna gari wala ndege ya mabawa inayoweza kufanya hivyo. Hata hapa kwetu imeokoa watu ambao machela yetu ya gurudumu moja isingewafikisha getini wakiwa hai.

Ninachoomba ni kwamba tuiite huku tukiwa tunatembea. Mgonjwa akianza kukosa pumzi hata akiwa amelala, au akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka, piga simu na nyanyua machela papo hapo. Taja kambi mnayoelekea kushuka, siyo mliyopo. Kila mita mia mnazoshuka zinampa mgonjwa hewa, na zinampa rubani hewa pia.

Mwaka juzi kijana mmoja kutoka Dodoma alishikwa usiku wa kwenda kileleni. Kifua kilikoroma kama cha yule mama. Tulipofika naye Barafu saa kumi usiku nilipiga simu, nikataja Millennium, na hatukukaa hata kunywa chai. Njia ni mbaya gizani, tulibadilishana machela kila baada ya dakika chache. Saa moja kasoro tukafika, tukapanga mawe, wawili wakakaa juu ya hema lililolazwa. Jua lilikuwa bado jekundu chopa ilipotua. Rubani hakuzima injini. Dakika tatu hazikuisha, wakawa wameondoka. Begi lake la kilo kumi na tano lilibaki kwetu. Nilimpelekea mjini siku ya pili yake, nikamkuta amekaa kitandani, anakunywa mtori.